Moto inakataa vitesi: tafuta shida nje mbele ya kufungua moteri

Wengi wetu tuko na diploma kwenye ukuta na moto kwenye parsele. Wengine wanaendesha wenyewe asubuhi mbele ya kuingia darasa. Wengine wamemupa kijana mwenye anarudisha versema, ile makuta ya kila jioni. Wengine tena walinunua moto ya okazio na makuta ya kwanza ya kazi, wakisema: hii njo itanilipia masomo. Halafu siku moja moto inaanza kukataa vitesi. Unakanyaga, inalia "kraa". Ao inaingia kisha inatoka yenyewe. Ao moteri inapiga kelele yote lakini moto inapanda kilima sawa mutu mwenye hakukula.

Fundi wa kwanza anasikiliza nusu dakika, anatikisa kichwa: "Bwati imekufa, muzee. Tufungue tu."

Kufungua maana yake moteri inashuka chini, siku mbili tatu bila versema, vipande vya kununua, na kila buloo yenye inatoka iko na nafasi ya kurudi vibaya. Pengine fundi iko na haki. Lakini pengine shida ilikuwa kable ya dola chache, ao mafuta, ao selekteri yenye ilipinda siku moto ilianguka. Mwenye moto asiyejua tofauti analipa bei ya bwati juu ya kosa la kable. Haiombe mutu awe mekanisia juu ya kujua tofauti hiyo. Inaomba paka kuelewa vile kitu kinafanya kazi, na kutafuta kwa mpango: kutoka nje kwenda ndani, kutoka kwa bure kwenda kwa bei.

Tuanze na ambrayaji, ile majirani wetu wa Tanzania na Kenya wanaita klachi. Kazi yake ni moja: kukata na kurudisha uhusiano kati ya moteri na bwati ya vitesi. Kwenye moto za 100, 125 ao 150 zenye zinajaa kwenye barabara zetu, Boxer, TVS, Senke na wenzake, ambrayaji inalala ndani ya mafuta, upande wa kuume wa moteri, nyuma ya kifuniko kikubwa. Ndani mule muko disiki zimepangwa moja juu ya ingine sawa chapati kwenye sahani: moja ya kushika, yenye vipande vya kukwaruza juu yake, moja ya chuma kitupu, tena moja ya kushika, tena moja ya chuma. Zile za kushika zinafuata kloshi, ile bakuli yenye inazungushwa na moteri. Zile za chuma zinafuata kitovu cha katikati, chenye kinaingia kwenye bwati. Resori zinazifinya zote pamoja. Kama hujagusa mukono wa ambrayaji, zimeshikana na nguvu inapita. Ukivuta mukono, kable inavuta kamukono kadogo kwenye moteri, resori zinasukumwa, disiki zinaachana, nguvu inakatika.

Kutoka pale unaona kwamba ambrayaji inaweza kugonjwa magonjwa mawili tu. Ya kwanza, haiachi vizuri: unavuta mukono mpaka mwisho lakini disiki zinabaki zinagusana. Ya pili, haishiki vizuri: umeachilia mukono lakini disiki zinateleza. Ni magonjwa yenye kupingana, na dawa zao zinapingana pia. Mutu mwenye anakaza kable kwa kila shida anatibu moja na kuua ingine. Mafundi wengi wa haraka njo wanafanya vile.

Sasa bwati. Watu wengi wanafikiri ukikanyaga vitesi, pinyo moja inaingia ndani ya meno ya ingine. Hapana. Ndani ya bwati ya moto pinyo zote zinashikana sikuzote, mchana na usiku. Kitu chenye kinabadilika ni meno makubwa ya pembeni, mafundi wanaita krabo, yenye yanaingia kwenye matundu ya pinyo jirani na kuifunga kwenye mti wake. Ile "kraa" yenye unasikia ni krabo zinagongana juu moja inazunguka mbio kuliko ingine. Selekteri, ile unakanyaga na mguu, inazungusha mti mudogo. Mti unasukuma ngoma ndogo ya chuma. Ngoma iko na mifereji. Mifereji inasogeza furusheti. Furusheti njo zinapeleka pinyo pembeni mpaka krabo ziingie. Kwa kila kanyagio ngoma inageuka hatua moja, na kamukono kenye resori kanaikamata pale isirudi.

Ukishika hii picha katika kichwa, kipimo cha kwanza kinakuja chenyewe, na hakilipishwi kitu.

Zima moteri. Simamisha moto kwenye bekiye ya katikati ili gurudumu la nyuma lizunguke bila kugusa chini. Zungusha gurudumu pole pole na mukono mmoja, na mukono mwingine usukume selekteri: vitesi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, kisha rudi. Lazima gurudumu lizunguke wakati unasukuma. Kama limesimama, krabo zinaweza kukutana kichwa kwa kichwa na vitesi ikakataa ata kwenye moto mupya. Mwenye hajui anakanyaga na nguvu yote, na vile njo furusheti zinapinda.

Kama moteri imezimwa na vitesi zote zinaingia na kutoka laini, lakini ukiwasha zinakataa, bwati si mwenye kosa. Kosa ni ambrayaji yenye haiachi. Kama ata moteri ikiwa imezimwa vitesi zinakataa, shida iko kwenye selekteri ao ndani. Hii kipimo kimoja kinagawanya njia mbili, na ukikifanya mbele ya fundi, maongezi yanabadilika sana. Kitu kimoja tu hakionyeshi: vitesi yenye inatoka yenyewe njiani. Ile inaomba barabara, na tutaifikia.

Tuseme basi ni ambrayaji yenye haiachi. Dalili zake ni hizi: pwamo haipatikani kama moteri inawaka, lakini ukizima inapatikana mara moja. Ukiweka ya kwanza moto inaruka mbele ata kama umevuta mukono mpaka mwisho. Kwenye musongamano, moteri ikipata joto, vitesi zinakuwa ngumu kuliko asubuhi. Na hapa neno moja la usalama: taa ya kijani ya pwamo isikudanganye. Kwenye moto ya zamani swichi yake imechakaa. Achilia mukono pole pole sikuzote, ata taa ikiwa inawaka.

Mbele ya kitu chote, angalia nafasi ya bure ya mukono. Shika ncha ya mukono wa ambrayaji na kidole kimoja, vuta pole. Mwanzo unakuja bila uzito, kisha unasikia resori zinaanza kukataa. Ile umbali wa bila uzito, ukiupima kwenye ncha, kwa moto mingi za namna hii unapaswa kuwa kati ya milimita 10 na 20. Kama ni mingi kuliko pale, unapoteza mwendo wa mukono bure na disiki hazifike kuachana. Kama hakuna kabisa, disiki zinateleza. Kuna mahali pawili pa kurekebisha: chini, kwenye moteri, kwa marekebisho makubwa, juu, kwenye mukono, kwa kumalizia. Ukiona ile ya juu imeshafunguliwa karibu kutoka kwenye uzi wake, irudishe ndani na uanze na ya chini. Ukimaliza, geuza gido kushoto mpaka mwisho, kisha kuume mpaka mwisho. Nafasi ya bure isibadilike. Ikibadilika, kable imepita mahali pabaya ao mutu aliifunga na kamba sana, na kila kona unayokata inaivuta.

Kable yenyewe inastahili dakika kumi. Chomoa ncha ya juu na uangalie pale kaboba kake kanakaa: nyuzi zinakatika pale moja moja. Kable yenye imebaki nusu ya nyuzi inanyooka kila siku, na unarekebisha kila siku bila kuelewa. Sukuma na uvute uzi ndani ya ganda lake. Kama unakwaruza, vumbi imeingia. Kwa sisi wenye tunaishi juu ya mawe meusi ya volkano, ile vumbi ni sawa karatasi ya kusugulia. Weka mafuta mepesi kwa juu na sindano ya plastiki mpaka yatoke chini. Kama ganda limevunjika ao limeyeyuka juu ya eshapema, usipoteze wakati, nunua ingine. Kable mpya inanyooka kidogo siku za kwanza, basi pima tena kisha siku tatu.

Tazama pia kitu chenye watu wanasahau: tundu la buloo lenye mukono wa ambrayaji unazungukia. Kwenye moto yenye imefanya miaka, tundu lile linakuwa la yai. Unavuta mukono, nusu ya mwendo inaishia pale, haifike kwenye kable. Na kule chini, kamukono ka kwenye moteri kakae karibu wima na kable wakati mukono umevutwa nusu. Kama mutu alikafungua na kukarudisha jino moja pembeni, kable inavuta vibaya ata ikiwa mpya.

Ukimaliza yote haya na ambrayaji bado haiachi, uliza mafuta. Kwenye moto hizi mafuta ni yale yale kwa moteri, kwa ambrayaji na kwa bwati. Ni karibu litre moja tu yenye inafanya kazi tatu. Yakizeeka ao yakiwa mazito sana, disiki zinang'ang'ania. Yakiwa machache, krabo na furusheti zinakula chuma kwa chuma. Kuna alama moja ya kutafuta kwenye chupa: JASO MA ao MA2. Ni kanuni ya Wajapani, ilitoka 1998, na inasema mafuta yale yalipimwa kwa ambrayaji yenye inalala ndani ya mafuta. JASO MB ni ya skuta zenye ambrayaji kavu, usiweke. Mafuta mengi ya gari yanawekwa dawa ya kupunguza kukwaruza juu ya kuokoa esansi. Kwa gari ni sawa. Kwa moto yetu kukwaruza njo kazi yenyewe ya disiki. Muuzaji atakuambia "mafuta ni mafuta". Muombe akuonyeshe chupa yenye bado imefungwa na usome nyuma.

Moto yenye ililala miezi, kwa mfano mwenyewe alisafiri ao papye zilikosekana, iko na shida yake peke: disiki zimeshikana kama zimepakwa gundi. Usifungue kitu. Washa, acha moteri ipate joto, zima, weka vitesi ya tatu, vuta mukono mpaka mwisho, sukuma moto mbele na nyuma. Mara mingi zinaachana zenyewe na sauti ndogo.

Ugonjwa wa pili, wa kuteleza, unajulikana kwa kilima. Sisi watu wa Bukavu hatuna haja ya mashini ya kupima, tuko na Kadutu. Panda na kliya nyuma, kwa vitesi ya juu yenye moto inaweza kubeba, kisha fungua gazi. Moteri ikipanda sauti na mwendo usipande, disiki zinateleza. Wakati mwingine unasikia harufu ya kuungua. Kwenye sehemu tambarare ni sawa: vitesi ya mwisho, mwendo mudogo, fungua gazi mara moja, sikiliza. Usifanye mara kumi, kila mara unakula disiki.

Dawa ya kwanza ni ya bure: rudisha nafasi ya bure. Kama kable imekazwa mpaka mukono hauna ata milimita moja, disiki hazifinyiwi kabisa, ni kama unaendesha siku nzima na mukono umevutwa kidogo. Ya pili ni mafuta, kama alama ya JASO MA haiko kwenye chupa. Kama hizi mbili ziko sawa na bado inateleza, disiki zimeisha ao resori zimechoka. Hapo kifuniko kifunguliwe kweli.

Kuna kitu cha kusema juu ya mwendeshaji, na vijana wasikasirike. Disiki haziishi juu ya kilometa, zinaisha juu ya mukono wa kushoto. Mwenye anasimama kwenye mteremuko wa Nyawera na anashikilia moto na ambrayaji nusu, gazi kidogo, juu ya kungojea nafasi, anachoma disiki zake. Freni iko pale juu ya ile kazi. Mwenye anaanza na vitesi ya pili akibeba watu watatu, vile vile. Mwenye anaweka vidole viwili juu ya mukono njia yote, vile vile. Kwenye mawe ya Goma, yale ya lava yenye volkano ilitapika mu mji 2002, inaeleweka mutu kutumia nusu ambrayaji, juu ya kwanza ni kali na moto inaruka. Lakini toka kwenye mawe, achilia mukono kabisa.

Tugeuke kwa vitesi zenyewe, kwa wale wenye kipimo cha gurudumu kiliwaambia: shida si ambrayaji.

Anza na mguu. Selekteri imefungwa kwenye mti wake na buloo moja, na mti uko na meno madogo. Buloo ikilegea, meno yanalika, na unakanyaga bila kusukuma kitu. Ishike na mukono, itikise: isicheze peke yake bila mti. Meno ya selekteri yakiwa yameisha, nunua selekteri ingine mbele haijala meno ya mti pia, juu mti uko ndani na bei yake ni ingine.

Kama moto iliwahi kuanguka upande wa kushoto, simama pale muda mrefu. Mbao ya mguu ilirudi nyuma, ao selekteri ilipinda kuelekea kareteri. Sasa ukikanyaga, selekteri inagonga mbao, ao inagusa kareteri, ao sehemu ya kisigino inagonga chini mbele ngoma haijamaliza hatua yake. Vitesi inaingia nusu. Krabo zinashikana kwa ncha tu. Kisha mita mia inatoka, na mutu anasema bwati imekufa. Piga magoti, sukuma selekteri mpaka mwisho juu na chini, angalia kama kidole chako kinapita kati yake na kila kitu. Mafundi wengi hawapige magoti.

Sheni nayo inadanganya watu. Sheni yenye imelegea sana ao pinyo ya mbele yenye meno yamekuwa kama meno ya papa inaruka jino moja wakati unafungua gazi, na wewe unasikia sawasawa kama vitesi imetoka. Tofauti: vitesi ikitoka kweli, moteri inapanda sauti na inabaki juu mpaka ukanyage tena, sheni ikiruka, ni pigo moja, kisha nguvu inarudi yenyewe. Tena kuna raba ndani ya gurudumu la nyuma, kati ya pinyo kubwa na gurudumu. Zikiisha, kila mara unaweka vitesi unasikia "ko!" nzito. Watu wanaweka lile pigo kwenye hesabu ya bwati. Shika pinyo kubwa na mikono miwili, geuza mbele na nyuma, gurudumu likiwa limefungwa na freni: ikicheza sana, ni raba. Na ralanti yenye iko juu sana inafanya ya kwanza iingie na kishindo. Kwa moto mingi ndogo ni karibu mizunguko 1 400 kwa dakika. Mwenye hana kipimo asikilize: moteri inapumua, hailie.

Kisha nje imeisha, tunaingia. Hapa njo pana mpaka wenye kila mwenye moto ajue, juu ni mpaka wa makuta. Kuna mambo yenye yanatengenezwa kwa kufungua paka kifuniko cha kuume, moteri ikiwa inabaki kwenye moto. Kuna mengine yenye yanaomba moteri ishuke na kareteri ipasuliwe mbili. Ya kwanza ni asubuhi moja kwa fundi muzuri. Ya pili ni zile siku tatu.

Nyuma ya kifuniko cha kuume unapata ambrayaji yote, na kwa moteri mingi hizi unapata pia resori ya kurudisha selekteri na kale kamukono ka kukamata ngoma. Selekteri yenye hairudi katikati yake, unakanyaga na inabaki chini kama mutu mulevi, ni resori ya kurudisha imevunjika ao imetoka mahali pake. Vitesi zenye zinapotea kati ya moja na ingine, unapata pwamo za uongo pale haziko, mara mingi ni kamukono kale ao resori yake. Vitu vidogo, bei ndogo.

Ndani ya kareteri, ile ya kupasua, mnabaki furusheti, ngoma na krabo. Dalili yao iko wazi kama unajua kuuliza swali moja: ni vitesi gani? Kama zote zinasumbua, shida ni ya wote: ambrayaji, selekteri, mafuta, kamukono. Kama ni moja tu, sikuzote ile ile, kwa mfano ya tatu inatoka kila mara unafungua gazi na zingine ziko sawa, ni krabo za pinyo ile zimezunguka pembe zao ao furusheti yake imelika. Krabo nzima iko na pembe kali. Ikilika, nguvu ya moteri yenyewe inaisukuma nje. Hakuna kable wala mafuta yenye yataiponyesha. Hapo fundi akisema tufungue, mukubali.

Na usiendelee kutumia moto ile. Vitesi yenye inatoka kwenye tambarare ni kero. Ikitoka ukiwa unashuka mteremuko, na mama na mutoto wake nyuma na gunia la mihogo mbele, moteri haishikilie tena uzito. Unabaki na freni za ngoma peke yake, na zile zikipata joto zinapoteza nguvu. Versema ya siku tatu haifikie bei ya ile.

Siku kifuniko kinafunguliwa, uwe pale. Mafuta yatolewe kwanza, na yatazamwe: vipande vya chuma vyenye kung'aa ni habari mbaya ya krabo ao pinyo, unga mweusi mwepesi ni disiki. Disiki za kushika zipimwe. Kwa moteri mingi ndogo mpya iko na karibu milimita 3, na ikifika karibu 2,6 imeisha; kitabu cha moto yako njo kinatoa kipimo chake. Disiki za chuma zilazwe juu ya kioo: zikicheza, zimepinda juu ya joto, na zile njo zinafanya ambrayaji isiache. Zikiwa za bluu, zilichomwa. Tazama vidole vya kloshi: disiki zinachimba vidonda mule, na kwenye vidonda vile zinakwama mbele haziachani. Vidonda vidogo vinasuguliwa na tupa. Vyenye ukucha unaingia kabisa, kloshi ibadilishwe. Hapa watu wanakosa kila mara: wanaweka disiki mpya kwenye kloshi yenye vidonda, na kisha wiki mbili wanasema disiki za siku hizi ni mbovu.

Moto mingi za Kichina zenye tuko nazo ziko na moteri yenye ilikopiwa kwa Honda CG125, moto ya mwaka 1976. Faida yake ni kwamba vipande vinapatikana kila mahali na mafundi wanaijua kwa kichwa. Hasara ni ekuru moja ya katikati, yenye inaomba ufunguo wake peke. Fundi mwenye hana ufunguo ule anaipiga na nyundo na chuma cha ncha mpaka ilegee. Inatoka, ndiyo, lakini anairudisha pia kwa kupiga, na hakuna mwenye anajua kama imekazwa. Muulize mbele: "Ndugu, uko na ufunguo wa ile ekuru?" Jibu lake litakusaidia kuchagua.

Disiki mpya zilale kwenye mafuta ya moto mbele ya kuwekwa, zisiingie kavu. Resori zibadilishwe zote pamoja. Kuweka rondeli chini ya resori za zamani juu ya kuzikaza ni ujanja wa kufika nyumbani tu. Mukono unakuwa mugumu na kable inakatika mapema. Kusugua disiki kwenye sima vile vile: inashika siku chache. Buloo za resori zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo. Na ile karatasi ya kuziba ya kifuniko iwe mpya, si ya kukata kwenye katoni ya sabuni.

Omba vipande vya zamani virudi kwako ndani ya mfuko. Si kwa kumshuku fundi. Ni juu ya kuona na macho yako chenye kilikuwa kimekufa, na fundi muzuri hakasiriki. Yeye mwenyewe anakuonyesha na kidole.

Wenye wanataka kununua okazio wafanye kinyume cha haya yote. Fika asubuhi moteri ikiwa baridi, gusa na mukono uhakikishe. Weka ya kwanza: moto iliruka sana? Endesha nusu saa mpaka ipate joto, tafuta pwamo ukiwa umesimama. Panda kilima na mutu nyuma kwa vitesi ya juu. Shuka kwa vitesi ya pili, kisha ya tatu, na kwa kila moja funga gazi, fungua gazi, funga, fungua, mara tano, ukiangalia kama kuna yenye inatoka. Mwenye moto akikataa upande kilima na mutu nyuma, basi ondoa bei ya bwati nzima kwenye bei yenye anaomba, na uanze kujadiliana kutokea pale.